Nani alikuwa nyuma ya mlango si swali la kwanza

Kila inapotajwa kesi ya Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini aliyempiga risasi na kumuua mpenzi wake, mabishano hurudi palepale: je, alijua kwamba aliyekuwa chooni ni mpenzi huyo, Reeva Steenkamp, au kweli alidhani ni mwizi? Watu wamegawanyika juu ya jambo hilo tangu alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, na sidhani kama watakubaliana kamwe. Kwa wazazi wa marehemu lilikuwa swali zito kuliko yote. Lakini silo swali linaloamua kama yale yalikuwa mauaji ya kukusudia, na kwa kuling'ang'ania, Mahakama Kuu ya Pretoria ilitoa hukumu ambayo majaji watano wa Mahakama ya Rufani iliyoko Bloemfontein walilazimika kuitengua.

Nianze na maelezo ya Pistorius mwenyewe, kwa sababu hoja yangu yote inasimama juu ya maneno yake. Alisema aliamka usiku nyumbani kwake, katika mtaa wenye ulinzi wa Silver Woods huko Pretoria. Akasikia dirisha la bafuni likifunguliwa. Akachukua bastola yake ya milimita 9 chini ya kitanda, akaenda bafuni bila miguu yake ya bandia, huku akipaza sauti kumtaka Reeva apige simu polisi. Choo kilikuwa ndani ya bafu, mlango wake umefungwa. Aliposikia kishindo humo ndani, akafyatua risasi nne kupitia mlangoni. Aliporudi chumbani na kupapasa kitanda ndipo akatambua kwamba Reeva hayupo, akauvunja mlango wa choo kwa gongo la kriketi. Reeva, mwanamitindo wa miaka 29 aliyesomea sheria, alikuwa amepigwa nyongani, mkononi na kichwani.

Upande wa mashtaka, ukiongozwa na Gerrie Nel, haukuyakubali maelezo hayo hata kidogo. Ulisema wawili hao waligombana, Reeva akakimbilia chooni na kujifungia, na Pistorius akampiga risasi akijua fika ni yeye. Majirani walikuja kizimbani wakasema walisikia mwanamke akipiga mayowe kabla ya milipuko. Ukasomwa ujumbe wa WhatsApp ambamo Reeva, wiki chache tu kabla ya kufa, alimwambia kwamba wakati mwingine anamwogopa, anaogopa anavyomkaripia na atakavyompokea akifanya hili au lile. Mtu yeyote aliyewahi kumsikiliza dada au shoga yake akisimulia maisha ya ndani anaujua uzito wa maneno kama hayo.

Jaji Thokozile Masipa hakuridhika. Alipanga matukio kwa kutumia kumbukumbu za simu za usiku ule, akaona kuwa sehemu ya milipuko waliyoisikia majirani ilikuwa gongo likigonga mlango, na kwamba mayowe yale yangeweza kuwa ya Pistorius mwenyewe, kwani mtu aliyejeruhiwa kichwani vile asingeweza kulia. Kuhusu ujumbe wa simu, alisema mahusiano ya watu hubadilika, leo mapenzi na kesho ugomvi, hivyo hauthibitishi chochote upande wowote. Hapo sigombani naye. Jinai huthibitishwa pasipo shaka ya maana, na ugomvi wa usiku ule haukuthibitishwa kwa kiwango hicho. Binafsi, ujumbe ule ningeupa uzito zaidi. Lakini uzito zaidi bado si uthibitisho.

Alipokosea ni hatua iliyofuata. Mnamo Septemba 2014 alimwondolea Pistorius kosa la mauaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na msingi wa uamuzi huo ulikuwa kwamba mshtakiwa hakuweza kuona kuwa angemuua marehemu, kwa sababu aliamini marehemu yuko kitandani. Tazama mahali hoja inapoteleza. Imeanza na "hakujua ni Reeva", ikaishia kwenye "hakuona kwamba angeweza kuua mtu". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza linahusu jina la aliyekufa, la pili linahusu kilichokuwa kichwani mwa aliyeshika silaha.

Sheria ya Afrika Kusini, yenye asili ya Kirumi na Kidachi, inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na nia ya kuua hata kama kifo si shabaha yake. Wanasheria wa huko huita dolus eventualis. Ina hatua mbili, na zote lazima zithibitishwe. Kwanza, mshtakiwa mwenyewe aliona kwamba kitendo chake kinaweza kusababisha kifo. Mwenyewe, si mtu mwingine mwenye busara ambaye angekuwa mahali pake. Pili, akaridhia uwezekano huo, akaendelea hivyo hivyo, liwalo na liwe. Ikikosekana hatua ya kwanza, tunabaki na uzembe. Ikikosekana ya pili, pia.

Hatua ya pili si pambo. Tarehe 25 Agosti 2010, huko Blackheath karibu na Cape Town, dereva wa basi dogo la watoto wa shule aliyapita magari yaliyokuwa yakisubiri kwenye makutano ya reli, akajaribu kuvuka mbele ya treni. Watoto kumi walikufa. Alihukumiwa kwa mauaji kumi, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikabadilisha iwe kuua bila kukusudia. Kuona hatari, alikuwa ameiona. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba aliridhia kifo. Alishavuka namna ile siku nyingine na kusalimika, na kama treni ingemgonga, yeye mwenyewe angekuwa miongoni mwa wafu. Aliamini kwa upumbavu wake kwamba angewahi. Alipewa kifungo cha miaka minane. Wazazi wa watoto wale walikuwa na kila sababu ya kukasirika, lakini kisheria mahakama ilikuwa sahihi, na mtu anayetaka Pistorius atiwe hatiani kwa nia ya kuua lazima aweze kueleza tofauti kati ya wawili hawa.

Mimi naiona hivi: dereva alikuwa na kitu cha kumfanya aamini kuwa maafa hayatatokea. Mtu anayepiga risasi nne kwenye mlango wa choo ana nini? Choo kile kilikuwa kidogo, mtu akiwa ndani hana pa kusogea wala pa kujificha. Mlango ulikuwa wa mbao, na bastola ya milimita 9 haisimamishwi na mlango wa mbao. Risasi zilikuwa za aina inayotanuka ikiingia mwilini, iliyotengenezwa ili iharibu zaidi. Na hakupiga moja kwa kushtuka. Alipiga nne.

Kuna ushahidi mmoja ambao haukuvuma sana magazetini, ilhali kwangu ni wa maana kuliko mayowe na gongo la kriketi. Mkufunzi wa silaha alieleza mahakama kwamba Pistorius alifanya mtihani wa maandishi wa kumiliki bunduki. Kwenye karatasi ile aliulizwa kuhusu wezi walioingia nyumbani: unaruhusiwa kuwapiga risasi wakiwa wanaiba mali tu? Akajibu hapana, mpaka maisha yawe hatarini. Akaonyesha pia kwamba anaijua kanuni ya kwanza ya kila mlenga shabaha, kwamba lazima umjue unayemlenga na ujue kilichoko nyuma yake. Mtu huyu hakuwa mgeni wa silaha. Alijibu kwa usahihi, kwa mwandiko wake, swali lenyewe ambalo maisha yalikuja kumwuliza bafuni.

Na kizimbani alisema mambo mawili ambayo hayafanani na mtu aliyefyatua bila kufikiri. Alipoulizwa kwa nini hakupiga risasi ya kuonya upande wa bafu la manyunyu, alijibu kwamba ingeweza kudunda ukutani ikamrudia. Pia alisema angetaka kumpiga huyo mvamizi angelenga juu zaidi, usawa wa kifua. Yaani usiku ule, katika sekunde zile, au angalau kwa namna alivyotaka mahakama iamini, alijua risasi huenda wapi na hufanya nini. Aliiona hatari ya risasi kwa mwili wake mwenyewe. Jaji Masipa aliyasikia maneno haya na aliona kwamba hayaendani na madai ya kutofikiri. Ajabu ni kwamba hakuyapeleka mpaka mwisho wake.

Mahakama ya Rufani ndiyo iliyoyapeleka. Tarehe 3 Desemba 2015, Jaji Eric Leach alisoma hukumu ambayo wenzake wanne wote waliiunga mkono. Serikali ilikuwa imekata rufaa kwa hoja za sheria tu, kwa hiyo majaji hawakuwa na ruhusa ya kufumua upya matokeo ya ushahidi, na walikubali kama alivyokubali Masipa kwamba huenda Pistorius aliamini Reeva yuko kitandani. Wakamtia hatiani kwa mauaji hata hivyo. Huu ndio uzuri wa hukumu ile, na ndiyo sababu naona waliosema alionewa hawakuisoma. Haihitaji umwite Pistorius mwongo kuhusu Reeva. Mpe kila anachosema kuhusu mvamizi, bado alijua kuna mtu chooni, kwa kuwa mtu huyo ndiye hasa aliyemwogopa. Bado alifyatua mara nne mahali ambapo mtu asingeweza kukwepa.

Leach alitoa mfano wa mtu anayetega bomu kwenye umati. Hajui jina la hata mmoja atakayekufa, na hakuna mahakama inayomwachia kwa sababu hiyo. Uhai unaolindwa na sheria ya mauaji ni wa binadamu yeyote. Fikiria kama nyuma ya mlango ule angekuwa kijana wa mtaani aliyeingia kuiba simu. Je, tungekuwa tunabishana miaka yote hii? Nadhani wengi wetu tungeshasahau, na hilo linanitia huzuni, kwa sababu katika macho ya sheria kijana huyo naye alistahili kutopigwa risasi nne bila hata kuonekana.

Inabaki hofu, na hofu siwezi kuipita haraka. Afrika Kusini ni nchi ambayo watu huvamiwa majumbani, na mtu asiye na miguu, gizani, ana haki ya kuogopa kuliko wengine. Sheria ya huko inakubali kwamba mtu aliyeamini kwa dhati, japo kimakosa, kuwa yuko hatarini na ana haki ya kujitetea, anaweza kuondolewa nia ya kuua. Utetezi huo ungekubaliwa, kesi ingebadilika. Tatizo ni kwamba Pistorius hakuusimamia. Mara alisema alifyatua akidhani anashambuliwa, mara hakuwa na nia ya kufyatua, mara bastola ililia kabla hajapata muda wa kufikiri. Alipelekwa hospitali ya Weskoppies kuchunguzwa akili mwaka 2014, na ripoti haikuonyesha ugonjwa wa kumfanya asijue anachotenda. Mahakama ya Rufani ilibaki na mtu ambaye hakumwona mvamizi, hakusikia tishio kutoka kwake, hakujua kama ana silaha, wala hakutoa risasi ya onyo. Huwezi kudai kwamba uliamini una haki ya kuua ili ujiokoe, halafu papo hapo ukadai hukukusudia kufyatua. Hizo ni njia mbili, na mtu mmoja hawezi kupita zote kwa wakati mmoja.

Ipo hoja dhidi ya hukumu hii ninayoiheshimu. Inasema kwamba hakuna anayeingia ndani ya kichwa cha mwenzake, kwa hiyo majaji wanaposema "lazima aliona hatari", wanachosema hasa ni kwamba alipaswa kuiona. Wakiruhusiwa hivyo, mpaka kati ya nia na uzembe unafutika, na kesho kila ajali ya bunduki itaitwa mauaji. Hofu hiyo ni ya kweli, na kesi ya Blackheath inaonyesha kwamba mahakama ile ile inaijua. Jibu langu ni kwamba nia karibu siku zote huthibitishwa kwa mazingira. Wachache mno hutangaza wanachotaka kufanya. Swali ni kama mazingira yenyewe yanaacha nafasi ya maelezo mengine yanayoingia akilini. Kwa bunduki iliyoanguka mezani ikalia, nafasi ipo. Kwa risasi nne zilizofuatana kupitia mlango, kutoka kwa mtu aliyefunzwa, mimi siioni.

Adhabu ilisimulia hadithi ile ile ya kusitasita. Kwanza miaka mitano. Baada ya kosa kupandishwa kuwa mauaji, Masipa akampa miaka sita mnamo Julai 2016, wakati sheria ya nchi inaweka kima cha chini cha miaka 15 kwa mauaji yasiyopangwa, labda ziwepo sababu nzito za kupunguza. Serikali ikarudi tena Bloemfontein, na Novemba 2017 kifungo kikapanda hadi miaka 13 na miezi mitano, yaani 15 ukitoa muda alioutumikia. Majaji walisema miaka sita ilikuwa midogo kiasi cha kulidhalilisha kosa, na kwamba mpaka siku ile Pistorius hakuwa ameeleza kwa namna inayokubalika kwa nini alifyatua. Alitoka kwa parole tarehe 5 Januari 2024, kwa masharti ambayo ni pamoja na mafunzo kuhusu hasira na ukatili wa kijinsia. Sharti hilo la mwisho limenifikirisha sana. Hakuna mahakama iliyowahi kusema kwamba alimuua kwa ukatili wa kijinsia, lakini karibu kila aliyeishughulikia kesi hii aliuhisi ukiwa chumbani.

Kwa nini haya yatuhusu sisi huku? Kwa sababu sheria zetu, ingawa zimetoka Uingereza, zinafika mahali pale pale, na kwa maneno yaliyo wazi zaidi. Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 206 cha Kenya vinaeleza nia ovu kwa namna inayokaribiana sana. Vinasema nia hiyo ipo pale mtu anapokusudia kuua au kumdhuru vibaya mtu yeyote, awe ndiye aliyekufa au siye. Kwa hiyo swali la jina la aliyekuwa nyuma ya mlango lilikwisha kujibiwa na mwandishi wa sheria. Vinasema pia kwamba nia ipo pale mtu anapojua kuwa kitendo chake yaelekea kitasababisha kifo au madhara makubwa, hata kama hajali kitakachotokea. Sheria ya Tanzania inaongeza: hata kama anatamani kisitokee. Sentensi hiyo ya mwisho huwa naisoma nikifikiria kila mume aliyesimama kizimbani akilia kwamba alimpenda mkewe. Huenda alimpenda. Huenda alitamani asife. Bado sheria inauliza alijua nini alipovuta kifyatulio.

Tofauti hapa si ndogo. Tanzania, anayepatikana na kosa la kuua kwa kukusudia anakabiliwa na hukumu ya kunyongwa. Kenya, adhabu hiyo ilikuwa ya lazima hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2017 kwamba ulazima huo unavunja katiba. Kwa kuua bila kukusudia, hakimu ana uwanja mpana, kuanzia kifungo kidogo hadi maisha. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka kesi ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, iliyoanza kama shtaka la mauaji, ikashushwa kuwa kuua bila kukusudia, na mwaka 2017 mshtakiwa, mwigizaji Elizabeth Michael, akapewa miaka miwili. Haikuwa kesi ya silaha na sikusudii kuilinganisha. Naitaja kwa kuwa iliwaonyesha watu wengi jinsi neno moja kwenye hati ya mashtaka linavyoamua maisha ya mtu. Ndiyo maana kosa la kuua kwa kukusudia halifai kutumika kwa hasira za umma, na ndiyo maana pia halifai kuogopwa pale ushahidi unapolibeba.

Katika Rufaa ya Jinai namba 150 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliorodhesha mambo ya kuangalia ili kuijua nia ya muuaji: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyosema mshtakiwa kabla, wakati na baada, na mwenendo wake. Uamuzi huo unanukuliwa mahakamani mpaka leo. Upitishe kwenye mlango wa Silver Woods uone unakupeleka wapi, na bado hujaulizwa hata kidogo kama wapenzi wale waligombana.

Hapa ndipo ninapotaka waendesha mashtaka wetu, na wapelelezi wanaowaandalia majalada, waisome kesi ya Pretoria kwa makini. Mwanamke akipigwa risasi ndani ya nyumba yake, shauku ya kwanza ni kutafuta sababu: wivu, talaka, pesa, nyumba ndogo. Majirani huulizwa walisikia nini, simu hukaguliwa. Yote yafanyike, tena kwa bidii, kwa sababu vitisho vya miezi iliyopita ni ushahidi na mara nyingi hupotea kwa kuwa hakuna aliyeandika taarifa mwanamke alipokwenda kituoni mara ya kwanza. Lakini sababu haipaswi kuwa nguzo pekee ya kesi. Nel aliijenga kesi yake juu ya ugomvi, na ugomvi ulipoyumba, shtaka zima la mauaji liliyumba nalo kwa zaidi ya mwaka. Jalada lianze na silaha ilivyopatikana na ilivyotunzwa, kibali na mafunzo ya mwenye nayo, umbali, idadi ya risasi na mpangilio wake, ukubwa wa chumba, na kila neno alilosema mshtakiwa tangu polisi wa kwanza alipofika. Maelezo yake yachukuliwe mapema, kwa utaratibu unaoheshimu haki zake, kabla hajapata muda wa kuyashona upya. Ugomvi ukithibitika, unaongeza uzito. Usipothibitika, ushahidi wa silaha, mlango na risasi bado unatosha kuisimamisha hoja ya nia mbele ya jaji.